Anayehamia Mombasa aulize upepo, maji na ardhi

Mhariri,

Ubishi wa mtaa upi wa Mombasa ni mzuri zaidi kuishi hauishi, na kila ukizuka majina ni yale yale: Nyali, Bamburi, Kizingo. Mji wa Kale hutajwa kama mahali pa kupeleka wageni wakapige picha Ngome ya Yesu, basi. Naomba nafasi niutetee, na nieleze pia kwa nini nyumba zake zinaharibikia mikononi mwa watu wanaozipenda.

Nianze na joto, maana ndilo linalomtoa mgeni jasho na uamuzi wake. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na kufikia Februari hata usiku haupoi. Ghorofa mpya ya matofali ya saruji, yenye dirisha kubwa la kioo lililoelekea magharibi, huwa tanuri saa kumi jioni. Nyumba ya zamani ya Kuze, Mkanyageni au Kibokoni, mitaa ya Mji wa Kale, ina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita, dari ya juu, na ukumbi unaotoka mlango wa mbele moja kwa moja hadi uani. Ukifungua milango yote miwili, upepo unapita bila kuombwa. Vichochoro navyo ni vyembamba kwa makusudi, nyumba moja huitia kivuli mwenzake.

Watu hulalamika kwamba vyumba vyake ni vyembamba. Sababu ni boriti. Mti wa mkoko haufai kubeba dari nzito ya mawe ukipita mita 3 hivi, kwa hiyo chumba kitakuwa kirefu upendavyo lakini upana wake ni mita 2.5 hadi 3. Kitanda cha futi sita kwa sita kinaingia, ila kabati lenye milango ya kufungua nje litagongana nacho. Pima kabla ya kununua fanicha.

Uharibifu mkubwa unaletwa na saruji. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa polepole kupitia chokaa. Mwenye nyumba akiona plasta inapukutika, huita fundi apige saruji, kisha rangi ya mafuta juu yake. Mwaka wa kwanza unapendeza. Unyevu ukikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, chumvi huchimbuka, saruji hubambuka vipande vizima pamoja na uso wa jiwe, na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani huoza pasipo mtu kuona. Dari ikianza kulegea, kazi si ya plasta tena.

Dawa yake ni ya zamani. Bambua saruji yote mpaka ufikie jiwe, uache ukuta upumue wiki kadhaa za kiangazi. Chukua chokaa iliyolowekwa majini wiki kadhaa, si ile ya unga iliyofunguliwa leo, uchanganye sehemu moja kwa tatu za mchanga mkali uliosafishwa. Mchanga wa ufuoni usiuguse, una chumvi. Rowesha ukuta kwanza, upige tabaka jembamba la sentimita moja hivi, lishike vizuri kabla ya kupiga la pili, na ulinyunyizie maji kwa siku kadhaa lisipasuke. Mwisho paka chokaa, si rangi ya mafuta. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kwa hiyo kabla ya kugusa mlango, roshani au ukuta wa nje, omba kibali kwanza.

Halafu kuna baraza. Siku hizi watu wanaivalisha vigae vinavyong'aa, jua likipiga huwezi kukalia na mvua ikinyesha mzee anateleza. Baraza ya chokaa hukaliwa kutwa, na muuza kahawa anajua pa kuteremsha dele, birika lake la kahawa.

Mtaa wa Majengo na mitaa jirani ina utamu huo huo wa ukumbi na uani, vyumba sita vikitazamana, vitatu huku na vitatu huku. Lakini kuna mtego ambao mnunuzi kutoka bara haujui: nyumba bila ardhi. Nyumba ni ya mtu mmoja, kiwanja ni cha mwingine, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi. Ukinunua nyumba hiyo hujanunua kiwanja. Mwenye ardhi akiuza, unaweza kuambiwa ubomoe, na benki haitaikubali kuwa dhamana. Kabla ya kutoa hata shilingi, kagua sajili ya ardhi ujue kiwanja ni cha nani, dai risiti za kodi ya ardhi zilizolipwa, na mkataba utiwe saini mwenye ardhi akiwepo. Akikataa kuja, ondoka.

Kwingineko nitapita haraka. Kizingo hupata upepo wa kusi moja kwa moja kutoka baharini, na chumvi yake hula vyuma vya madirisha. Nyali na Bamburi zina nafasi, lakini asubuhi wote mnapita daraja moja, lile lililofunguliwa mwaka wa 1980. Likoni, ng'ambo ya kusini, ni nafuu na feri haimtozi aendaye kwa miguu. Mwenye gari akikwepa foleni kwa barabara ya Dongo Kundu hutokea Miritini, upande wa bara, na kisiwani bado ataingilia Makupa.

Maji ndiyo yanayonishangaza yasipoulizwa. Jiji hili hunywa kutoka mbali: Mzima huko Tsavo, Marere katika Shimba Hills, Baricho kwenye mto Sabaki na visima vya Tiwi. Bomba likikauka, maji ya kisima cha kisiwani ni ya chumvi, sabuni haitoi povu, na penye vyoo vya shimo vilivyosongamana hayafai kunywewa. Watu watano wakitumia lita 40 kila mmoja, nyumba inataka lita 200 kwa siku, yaani mitungi kumi ya lita 20. Tangi la lita 1,000 linakwisha kwa siku tano.

Kwa hiyo nawaomba wenye nyumba na madalali: matangazo yenu yanataja idadi ya vyumba na umbali wa ufuo. Yataje pia ukubwa wa tangi, maji ya bomba hutoka siku zipi za wiki, na nani hulipia lori la kunyonya choo.

Fundi wa nyumba za kale,
Kibokoni, Mombasa