Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: Kichupa cha dozi tano

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja mkoani Tanga. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba, kukaribishwa kigoda na kusikiliza. Ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Biharamulo Januari 2025, na mpox (homa ya nyani) ikathibitishwa nchini miezi miwili baadaye, nilianza kuisikia tena ile kauli ya wakubwa: wananchi wetu ni wagumu kwenye chanjo. Marburg bado haina chanjo iliyoidhinishwa, lakini siku moja kitakuja kitu chenye chanjo, na sipendi tuanze na kauli hiyo.

Mwaka 2021, wakati wa UVIKO-19, nilikuwa na daftari. Kila niliyemwuliza kama ameshachanja, niliandika alichonijibu. Waliosema "sichanji" walikuwapo, na wale wa uvumi kwamba chanjo inaleta mazombi na ugumba pia. Ila jibu lililojaza kurasa lilikuwa "ngoja kwanza tuone."

Tuone nini? Wengi walikuwa wanamtazama nesi. Nesi wetu alikuwa hajachanja, na kijiji kizima kilijua, maana mdogo wake ndiye muuza maandazi wa stendi. Siku alipochanjwa, tena mbele ya kina mama wa kliniki ya watoto, walikuja watu ambao kipaza sauti cha gari la matangazo kiliwashindwa mwezi mzima.

Wengine walikuwa wanaitazama Serikali. Januari 27, 2021, Hayati Rais Magufuli alisema akiwa Chato kwamba chanjo hazifai. Julai 28 mwaka huohuo, Rais Samia alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, baada ya kupokelewa dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo. Katikati hapo kulikuwa na kamati ya wataalamu, ikakaa, ikatoa mapendekezo. Kwenye vigoda nilivyokalia mimi, maelezo ya kamati hayakufika. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, hii Serikali ni ileile?" Nikacheka, naye akacheka. Hakuchanja.

Halafu ikaja fomu. Chanjo ni hiari, sawa, na hiari ina heshima yake. Lakini mama aliyezoea kupeleka mtoto kuchomwa sindano ya surua bila kusaini popote, ukimpa karatasi ya kuridhia, anaisoma kwa namna yake: hawa wanajitoa. Baadhi walirudi nayo nyumbani wakamwonyeshe mume, na mume akaiweka juu ya kabati.

La kichupa nimeliacha hadi sasa makusudi, kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Mwishoni mwa 2021, mama mmoja mkulima wa machungwa alitoka shambani alfajiri, akafika zahanati wa kwanza. Kichupa cha chanjo kilikuwa na dozi tano, na kikishatobolewa kinadumu kwa muda wa saa sita tu, zinazobaki zinamwagwa. Nesi aliogopa kuulizwa dozi nne zimekwenda wapi. Mama akaambiwa asubiri wenzake. Alikaa kwenye benchi, kanga begani, hadi adhuhuri. Wakawa watatu. Wakaambiwa warudi Alhamisi, na Alhamisi kwetu ni gulio. Huyo mama alichanjwa Februari. Miezi yote hiyo, kwenye taarifa zetu, alihesabiwa pamoja na wasiotaka.

Sisemi nesi alikosea. Alifuata alichoelewa, kwamba dozi iliyomwagwa ni kosa na mtu aliyerudishwa si kosa, kwani hakuna safu ya kumwandika.

Mwanzoni mwa 2022, Watanzania waliochanja kikamilifu hawakufika hata watano kwa kila mia. Mwaka 2023 walivuka nusu. Wananchi ni walewale, Mheshimiwa. Kilichobadilika ni kwamba timu zilitoka zahanati zikaenda minadani, mashambani na majumbani. Mimi nilibeba boksi la baridi begani hadi kwenye tanuri la mkaa, na vijana wanne waliokuwa "wanangoja waone" walichanjwa palepale, mikono ikiwa myeusi.

Ombi langu ni dogo. Kwenye mwongozo ujao iandikwe waziwazi, kwa Kiswahili, kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa mtu mmoja, na nesi asiulizwe kwa hilo. Kwenye fomu ya taarifa iongezwe safu moja: waliofika wakarudishwa. Na Serikali ikibadili msimamo, sisi tunaopita majumbani tupewe sababu kabla ya shehena kutua, ili yule mzee akiniuliza tena nisiishie kucheka.

Daftari ninalo bado. Ukilihitaji Dodoma, nitalileta, nauli najilipia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Tanga