Supachaja kwenye gari lililotembea laki mbili: kwanza tunapima

Swali hili tunaulizwa sana: "Fundi, Runx yangu imetembea kilomita laki mbili na ushee, ila injini bado nzima. Hamwezi kunifungia supachaja?" Tunaweza. Ila hatufungi kabla ya kupima injini, na wateja wengi tukishawapimia tunawashauri hela ile waipeleke kwingine kwanza. Tunaeleza hapa kwa nini, ili ukija gereji uwe unajua tunachofanya na unacholipia.

Supachaja ni kompresa ya hewa inayozungushwa kwa mkanda kutoka puli ya krenki. Inaingiza kwenye silinda hewa nyingi kuliko ile ambayo injini ingevuta yenyewe, petroli inaongezwa kulingana na hewa hiyo, na nguvu inapanda. Haitegemei moshi kama tabo, kwa hiyo ukikanyaga mafuta gari linaitika papo hapo. Utamu wake ni huo. Lakini kila mlipuko sasa unazibana pistoni, ringi na beringi kwa nguvu ambayo injini yako haikutengenezewa.

Toyota wenyewe walilijua hilo. Mwaka 1986 walipoitoa MR2 yenye supachaja, injini ya 4A-GZE, hawakuchukua 4A-GE ya kawaida wakaipachika kompresa tu. Waliweka pistoni imara zaidi za alumini ya kufua, na uwiano wa mgandamizo (yaani pistoni inaibana hewa mara ngapi) wakaushusha kutoka 9.4 hadi 8. Sasa linganisha: Runx yenye 1ZZ-FE ina uwiano wa 10, IST yenye 1NZ-FE ina 10.5, Mark X yenye 4GR ina 12. Hewa ikikandamizwa na supachaja, halafu pistoni ikaikandamiza tena kwa uwiano huo, joto linapanda mpaka mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Ndiyo kule kugonga unakosikia kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo. Ukiendelea kukanyaga mlimani gari likiwa linagonga hivyo, kingo za pistoni zinazoshika ringi huvunjika, na hapo kinachofuata ni ovahoo.

Joto la Dar nalo linahesabika. Chukua hewa ya nyuzi 32, ikandamize kwa bar 0.4 (bar 1 ni karibu sawa na shinikizo la hewa ya pwani) kwa supachaja ya aina ya Roots isiyo na intakula, yaani kifaa cha kupoza hewa kabla haijaingia kwenye injini: inatoka ikiwa na nyuzi 80 hivi. Shinikizo limeongezeka kwa asilimia 40, lakini kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi, hewa uliyopata kweli ni kama asilimia 20 tu. Na kompresa yenyewe imekula sehemu ya nguvu kupitia mkanda. Ndiyo maana hatufungi seti ya supachaja isiyo na intakula kwenye gari la kila siku, lile la kukaa kwenye foleni ya Mandela saa nane mchana huku AC inafanya kazi.

Tunapimaje? Injini ikiwa moto tunatoa plagi zote, tunafungua throto (mlango wa hewa ya injini) mpaka mwisho, tunapiga selfu na kusoma kompresheni ya kila silinda. Namba kubwa peke yake haitoshi. Tunachotaka ni silinda zikaribiane. Kwa Toyota nyingi tofauti isizidi bar 1. Silinda ikiwa chini tunadondoshea oili kidogo kwenye tundu la plagi na kupima tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tunageukia valvu na gasketi.

Halafu kinakuja kipimo ambacho tungependa usimame nasi ukisikilize kwa masikio yako. Tunaipandisha pistoni mpaka juu kabisa, valvu zote zimejifunga, tunaingiza upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi. Upepo ukisikika kwenye mfuniko wa oili, unapita kwenye ringi. Ukisikika kwenye throto, ni valvu ya kuingiza. Kwenye bomba la ekzosti, ni valvu ya kutolea moshi. Maji ya rejeta yakitoa mapovu, ni gasketi ya silinda hedi. Hakuna haja ya kubishana na fundi, gari linajisemea.

Kwa 1ZZ za mwanzo tunaongeza swali moja: inakula oili? Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni zake ni madogo, yakiziba ringi ya oili inakwama na oili inapanda juu. Oili ikiungua pamoja na petroli, injini inagonga mapema zaidi. Gari la namna hiyo hatulifungii supachaja, hata mteja akisisitiza.

Mara nyingi kinachogundulika ni kwamba gari limepoteza nguvu liliyozaliwa nayo. Masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosti yameziba, sensa ya hewa ina vumbi, koili moja imechoka, nozeli hazinyunyizi sawasawa, oili ya gia haijabadilishwa tangu gari lishuke bandarini. Yarekebishe hayo na wengi mnaridhika.

Injini ikipita vipimo, tunaanzia bar 0.3 hadi 0.4, hatuzidishi. Ndani ya kazi hiyo mna intakula, nozeli kubwa, pampu ya petroli inayotosha, plagi za baridi zaidi kwa hatua moja (zinazotoa joto haraka), rejeta na feni zilizo salama, na tyuningi ya kompyuta inayofanywa huku tukisoma uwiano wa hewa na petroli. Tyuningi siyo nyongeza ya kuondoa ili bei ishuke. Gari likiwa na gia za CVT, yaani otomatiki ya mkanda na puli, huwa tunakataa. Otomatiki ya kawaida tunaifungia kipoza oili ya gia kwanza. Na iambie kampuni yako ya bima kwamba injini imebadilishwa, kabla ajali haijatokea.

Vile vifeni vya umeme vinavyouzwa mtandaoni kama supachaja, tafadhali viache. Kuipa injini ya lita 1.8 bar 0.4 kwenye mizunguko 6,000 kunahitaji kama kilowati 6 au zaidi. Altaneta ya ampia 80 inatoa kilowati 1 na kidogo, na hiyo hiyo ndiyo inayowasha taa na kuchaji betri.

Tunaowaelewa zaidi ni wateja wa Mbeya na Njombe. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la pwani, kwa hiyo injini ya kawaida inapoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Huko supachaja ndogo inarudisha kilichopotea bila kuibana injini kama inavyoibana Dar. Ila tyuningi lazima izingatie kwamba gari hilo hilo litashuka Kitonga na kuja kukanyagwa Kibaha, kwenye hewa nzito na ya moto.

Ukitaka kupimiwa, leta gari asubuhi na utuachie mpaka mchana. Usibadilishe oili wala kuosha injini kabla ya kuja. Oili ya zamani na sehemu zinazovuja ni vitu vya kwanza tunavyotaka kuviona.