Ngalawa ya matembezi: anzeni na bamvua

Mhariri,

Wanaopanga kushinda siku moja kwa ngalawa, tuseme Fumba hadi kisiwa cha Kwale, kusini mwake, Unguja, huanza na chakula. Waanze na mwezi. Siku za bamvua, yaani za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Tofauti hufika mita nne hivi. Anayetia nanga karibu na fungu la mchanga maji yakiwa yanapwa atakaa mchangani hadi yarudi. Kila siku nyakati hizo huchelewa takriban dakika 50.

Upepo nao. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, kwenda ni kubisha, yaani kwenda kishazari dhidi ya upepo, na kubisha hukaribia kuongeza njia maradufu. Kurudi ni rahisi. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikivuma mambo hugeuka, na hapo ndipo wengi huchelewa, kwa sababu asubuhi huteremka na upepo bila kuhisi umbali. Basi geuzeni mapema, wala msingoje chai ya pili.

Kabla ya kutweka, kagueni henza (kamba ya kupandishia tanga), demani (kamba ya kukazia na kulegezea tanga) na fungo za matengo, yale mabawa ya ubavuni. Chukueni demani ya akiba, upo mbili za kutekea maji chomboni (moja huanguka baharini, hakika), makafi, jaketi la kuokolea kwa kila mtu na maji lita nne kwa kila kichwa. Kamba ya nanga iwe mara tano ya kina, kikipimwa maji yakiwa yamejaa. Dhoruba ikija, legezeni demani kwanza. Kuikaza ndiko kunakopindua chombo.

Wasomaji wenu, Unguja