Picha za mitaa yetu zipewe mahali pa kuhifadhiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili niwafikishie wasomaji wako, na hasa viongozi wa jiji, swali nililoulizwa na fundi mmoja wa mtaa wa Katwe, ambalo sikuweza kulijibu.

Mimi ni mpiga picha hapa Kampala, na huu ni mwaka wangu wa 26 katika kazi hii. Riziki yangu naipata kwenye arusi na mahafali, lakini kila mwezi hujitengea siku moja ya kuzunguka mitaani na kamera, nikipiga picha za watu wakiwa kazini na za michoro na sanamu zilizo hadharani. Jumanne iliyopita nilianzia Katwe asubuhi na mapema, moshi wa mkaa ukiwa bado umetanda na jua likipenya kwa ubavu baina ya vibanda, kwa kuwa mwanga wa saa hiyo ndio unaoonyesha vizuri mikono ya mafundi wanapokunja mabati kutengeneza sigiri za mkaa na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Sipigi picha ya mtu kabla ya kumwomba ruhusa, na nikishapiga huandika katika daftari jina lake, kazi yake na tarehe. Anayekataa namwacha na shughuli zake. Mzee mmoja alikubali, akanitajia jina lake herufi kwa herufi nisije nikalikosea, kisha akauliza: “Mwanangu, picha hizi huwa zinakwenda wapi?” Nilimweleza kwamba nyingine huwapelekea wenyewe na nyingine hukaa nyumbani kwangu. Hakuridhika na jibu hilo, na kusema kweli hata mimi halijaniridhisha.

Hatua chache kutoka hapo upo ukuta ambao vijana wa mtaa walikuwa wameuchora akina mama wakiteka maji, pamoja na mtoto mwenye kitabu kichwani. Safari hii niliukuta umepakwa rangi za kampuni ya simu kuanzia chini hadi kwenye paa. Simlaumu mwenye nyumba, kwani ukuta ni wake na kodi ya tangazo inamsaidia kulisha familia. Linaloniumiza ni kwamba mchoro ule sasa umebaki katika picha 3 nilizopiga zamani, na diski yangu ikiharibika leo, hakuna mtu atakayeweza kuthibitisha kwamba vijana wale walichora chochote.

Mchana nilikuwa kwenye Mnara wa Uhuru, ile sanamu ya zege ya mtu aliyezongwa na vifungo, anayemwinua mtoto juu. Wanafunzi waliokuja na mwalimu wao walijua vizuri kwamba ni ya mwaka 1962, lakini hakuna aliyejua nani aliyeichonga. Nikawaambia ni Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyesoma sanaa Makerere kwa Margaret Trowell na baadaye akafundisha hapohapo. Ikiwa mchongaji wa sanamu iliyo katikati ya mji mkuu, inayojulikana nchi nzima, hatajwi na watoto wetu, basi aliyechora ukuta wa Katwe hana tumaini lolote la kukumbukwa, isipokuwa mtu aandike jina lake siku ileile anapopiga picha.

Tunao mfano wetu wenyewe wa faida ya kuhifadhi. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda, kwenye barabara ya Kira, lilionyesha picha zilizopigwa na wapiga picha wa serikali wakati wa utawala wa Idi Amin, zilizotokana na makumi ya maelfu ya negativu, yaani filamu za kusafishia picha, zilizokuwa zimesahaulika kabatini katika shirika la utangazaji la taifa. Zilisalimika kwa sababu kuna watumishi waliozitia katika bahasha na kuziwekea maelezo. Lakini zile zilikuwa picha za dola: sherehe, mikutano, wageni wa serikali. Picha za fundi wa sigiri na za mchuuzi wa soko la Owino ziko mikononi mwetu sisi wapiga picha wa mitaani, na studio inapofungwa au mwenyewe anapofariki, masanduku hutupwa pamoja na takataka.

Kwa hiyo ninaiomba Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala iteue ofisi katika kila moja ya tarafa zake 5 itakayopokea nakala za picha hizi, zikiwa na jina la mchoraji au la mtu aliyepigwa, mahali na tarehe, na kwamba Makumbusho ipewe nakala ya pili. Haki ya mpiga picha ibaki kwake, kama Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inavyomlinda. Majengo mapya hayahitajiki. Panahitajika kompyuta, diski 2 zinazowekwa mahali tofauti, na mtumishi mwenye mwandiko mzuri na subira ya kuuliza majina.

Mimi niko tayari kuanza. Ofisi ya tarafa ya Makindye ikinitajia mtu wa kupokea, nitampelekea zile picha 3 za ukuta, picha zangu zote za Katwe pamoja na madaftari yake, na nitarudi kwa yule mzee kumpa jibu.

Mpiga picha,
Katwe, Kampala