Kaka, Jumatatu nakuja

Kaka yangu,

Simu zangu hupokei. Basi nakuandikia hapa, najua huwa unapita kusoma. Jina lako sijalitaja.

Ile siku haijanitoka. Niliingia msalani baada yako nikakuta maji mekundu. Kutoka, nikakukuta umesimama mlangoni. Ukaninong'oneza: "Haiumi, kwa hiyo si kitu. Wifi yako asijue." Nikanyamaza. Miezi 7, kaka! Kumbe damu isiyouma ndiyo dalili yenyewe ya saratani ya kibofu. Inakuja siku mbili, inapotea, mtu anadhani amepona.

Uliniita mbeya mbele ya wanao kwa sababu hatimaye nilimwambia wifi. Ningemwambia tena. Si ndiye aliyekupeleka hospitali? Walipokwangua uvimbe wakakuta umeshaingia kwenye msuli. Ungekuwa bado juu juu, pengine leo tungekuwa tunazungumzia BCG, ile ile chanjo ya kifua kikuu, inayoingizwa kibofuni kila wiki kwa wiki 6. Sasa kibofu chote kinatolewa.

Wifi anasema unachoogopa ni mfuko wa mkojo. Kaka, wanatumia kipande cha utumbo mwembamba kupitisha mkojo hadi kwenye tundu la tumboni, kwa kawaida upande wa kulia. Mfuko unakaa chini ya shati. Kabla ya operesheni waombe wakuwekee alama ya tundu ukiwa umesimama na ukiwa umekaa, lisije likagongana na mkanda wa suruali. Uliza kama wewe unafaa kutengenezewa kibofu kipya kwa utumbo. Si kila mgonjwa anafaa. Na lile la chumbani, ambalo najua hutalitamka mbele ya mkeo, mtoe nje kwanza umuulize daktari. Upasuaji huu unaligusa. Sigara iache leo hii, usingoje kesho.

Usiseme nakufundisha. Umenilea wewe, ulishalipa ada yangu kabla ya kujinunulia viatu. Uliponiamuru ninyamaze, ningeanzia wapi kubisha? Ningesema mapema ungenifukuza, na wote wangesema sina adabu. Mimi nilitii tu. Nilitii, kaka. Halafu usiku naamka nahesabu ile miezi.

Jumatatu jioni nitakuja, nilale hapo, asubuhi tuongozane. Begi lako nitalipanga mimi. Kama hutaki kuongea nami, usiongee. Ila mlango usiufunge kwa ndani.

Mdogo wako