Kanuni za lugha kazini zinamlinda asiyehitaji ulinzi

Mhariri,

Mfanyakazi akimwita msimamizi wake mjinga, kifungu cha 44(4)(d) cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinalihesabu tendo hilo miongoni mwa makosa makubwa yanayoweza kumfukuzisha kazi papo hapo. Msimamizi akimwita kibarua mjinga mbele ya wenzake, kipengele hicho hakimgusi, kwa sababu kinataja matusi kwa mwajiri au kwa aliyewekwa na mwajiri kuwa mkubwa wa kazi, basi. Ni kweli sheria yenyewe inasema orodha ile haikumaliza makosa yote, na mwajiri mwenye nia anaweza kumwadhibu msimamizi huyo kwa kanuni zake mwenyewe. Lakini wanaoandika kanuni za kampuni hunakili wanachokiona kwenye sheria, na wanachokiona humo ni tusi linalopanda. Linaloshuka halionekani.

Nimeanzia hapo kwa sababu mjadala wetu kuhusu lugha ya staha na uhuru wa kusema umekwama kwenye maneno yenyewe. Kuna wanaolalama kwamba siku hizi mtu hafungui mdomo bila kushtakiwa, na kuna wanaotaka kila neno linaloudhi lipigwe marufuku. Kazini, kabla ya kuuliza ni neno gani limesemwa, yafaa kuuliza limesemwa na nani, kwa nani, na kama aliyeambiwa ana uwezo wa kujibu bila kupoteza zamu ya kesho.

Katiba haisemi kwamba kuudhi ni kosa. Ibara ya 33 inalinda uhuru wa kujieleza, kisha inaondoa mambo machache kwenye ulinzi huo: propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, na uenezaji wa chuki unaofikia kuchochea kabila dhidi ya kabila, kuwapaka wengine matope au kuchochea wadhuriwe, ama ulioegemea ubaguzi unaokatazwa na Ibara ya 27. Inaongeza kwamba anayejieleza aheshimu haki na sifa ya mwenzake.

Mahakama Kuu nayo imekuwa kali kwa sheria zinazokataza kwa maneno yasiyo na mipaka. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichomtia hatiani aliyetuma ujumbe wa kuudhi kupita kiasi, kwa kuwa mwananchi hangeweza kujua mapema ni ujumbe upi utampeleka jela. Februari 2017 Jaji John Mativo aliliondoa kosa la jinai la kumharibia mtu jina, lililokuwa katika kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu. Mwaka huo huo kikaanguka kifungu cha 132, kilichokuwa kikiwanasa waliodaiwa kudunisha mamlaka ya maafisa wa umma.

Sasa fungua kijitabu cha kanuni cha kampuni yoyote ya kawaida. Utakuta sentensi ya namna hii: "Mfanyakazi hatatumia lugha isiyofaa wala kuwakosea heshima wakubwa wake." Isiyofaa kwa kipimo cha nani? Ni ugonjwa ule ule uliokiua kifungu cha 29, umehamia tu kwenye karatasi ya kampuni. Na asijidanganye mwajiri kwamba Katiba ni ya serikali peke yake. Ibara ya 20 inasema Sheria ya Haki, yaani sura ya Katiba yenye haki za watu, inambana kila mtu.

Matokeo yake yanajulikana kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye vikao vya nidhamu. Mhasibu akiuliza kwenye kikundi cha WhatsApp cha idara mbona malipo ya saa za ziada za mwezi uliopita hayajaonekana, anaandikiwa barua ya kujieleza kwa "kukosa heshima". Msimamizi anayesema kila siku wakati wa chakula kwamba watu wa sehemu fulani ni wezi au wavivu hapati barua yoyote. Ni utani tu, tunaambiwa.

Utani una sheria zake, na wazee wetu walizijua vizuri kuliko maafisa wengi wa rasilimali watu. Mtani hujibu. Akikutania msibani, nawe utamtania kwake siku yake ikifika, na hakuna anayelipa faini. Msimamizi anayepanga nani atafanya kazi wikendi akimtania kibarua wa kutwa kuhusu kabila lake, kibarua hawezi kumrudishia. Anacheka kwa kuwa kesho asubuhi atasimama langoni akingoja jina lake liitwe. Kuuita huo utani ni kuuonea utani.

Dawa ambayo wengi huikimbilia ni orodha ya maneno. Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) ilitangaza orodha ya namna hiyo, likiwemo "madoadoa", neno lenye historia ya damu katika Bonde la Ufa, na pia "hatupangwingwi", neno la vijana ambalo wanasiasa wa upande mmoja walikuwa wamelifanya kauli mbiu. Kuyaweka mawili hayo kapu moja kulikuwa kosa. La kwanza lilitumiwa kuwaita majirani uchafu unaopaswa kuondolewa. La pili lilimaanisha tu kwamba hatupangiwi. Na hata la kwanza, muuguzi akiliandika kwenye faili ya mgonjwa mwenye vipele, limekosa nini?

Sheria iliyoiunda tume hiyo, ile ya 2008 iliyozaliwa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 zilizoua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyozichunguza, haina orodha ya maneno. Kifungu cha 13 kinauliza kwanza kama maneno ni ya vitisho, matusi au dharau, kisha kama msemaji alikusudia kuchochea chuki ya kikabila au kama, kwa kuzingatia mazingira yote, chuki hiyo ingeelekea kuchochewa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mzigo mzito namna hiyo haufai kubebeshwa orodha. Anayetaka kuchochea hulibadili neno asubuhi, na ifikapo jioni hadhira yake imeshamwelewa.

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo Katiba yenyewe imeingilia namna ya kuitana. Ibara ya 54(1)(a) inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Kwa hiyo lakabu za "kiwete" au "zeruzeru" zinazozoeleka kiwandani hadi zikaandikwa kwenye ubao wa zamu haziwezi kujificha nyuma ya uhuru wa kusema. Kwamba mwenyewe huitika si hoja. Wengi huitika kwa sababu hawakuulizwa.

Lugha ya mama nayo huleta mkanganyiko. Kampuni nyingi hukataza kabisa, "Kiingereza na Kiswahili pekee". Kwenye mkutano, kwenye maelekezo ya usalama na mbele ya mteja, kanuni hiyo ina mantiki: asiyeelewa onyo kuhusu mashine atapoteza vidole. Kuipeleka hadi kwenye benchi la chai, ambapo watu wawili wanaulizana habari za nyumbani, ni kupita mpaka, maana Ibara ya 44 inalinda haki ya mtu kutumia lugha yake. Kilichopaswa kukatazwa ni kubadili lugha ghafla ili mwenzako aliyeketi hapo asielewe mnachoamua kuhusu kazi yake.

Maoni ya kisiasa ndiyo waajiri huteleza zaidi. Kifungu cha 5(3) cha Sheria ya Ajira kinakataza kumbagua au kumsumbua mfanyakazi kwa "maoni ya kisiasa au mengineyo", sambamba na kabila, jinsia, dini, lugha na ulemavu. Mfanyakazi wa kampuni binafsi anayeandika kwenye ukurasa wake kwamba anapinga mswada fulani hajaivunjia kampuni kanuni yoyote ya halali. Akiandika akiwa amevaa sare yenye nembo ya kampuni, akidai anaisemea, au akianika habari za wateja, hapo kuna jambo la kuzungumza. Maafisa wa umma wana masharti yao ya kutoegemea upande, hiyo ni habari nyingine. Mfanyakazi akilalamika kwamba amebaguliwa, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakumbagua, na wengi huligundua hilo wakiwa tayari mahakamani.

Basi kanuni nzuri iandikweje? Kielelezo kimo ndani ya sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 6 kuhusu unyanyasaji wa kingono. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kushauriana nao, kisha atoe taarifa ya sera inayoeleza maana ya kosa, haki ya kila mmoja kufanya kazi bila kusumbuliwa, hatua atakazochukua, namna ya kupeleka malalamiko, na kwamba jina la mlalamishi halitatajwa isipokuwa uchunguzi au nidhamu ikilazimu. Kampuni nyingi zimeitundika sera hiyo ukutani. Chukua mifupa ile ile uijengee lugha ya kabila, dini na ulemavu. Sentensi kama hii ingetosha: "Ni kosa kwa mtu yeyote, awe mkubwa au mdogo, kumtukana, kumtisha au kumdhihaki mwenzake kwa sababu ya kabila, jinsia, dini, ulemavu au asili yake. Kukosoa uamuzi, malipo au mwenendo wa kazi wa mtu yeyote, hata kwa ukali, si kosa chini ya kanuni hii." Sehemu ya pili ndiyo waajiri huikata rasimu ikiwafikia mezani. Ikikatwa, kilichobaki kitatumiwa kuwanyamazisha wanaodai haki zao.

Lalamiko likija, jambo la kwanza ni kuyaandika maneno yenyewe, kama yalivyotamkwa, katika lugha iliyotumika, iwe Sheng, Kikamba au Kijaluo, tafsiri ikiwekwa chini yake. Ongeza tarehe, saa, mahali na waliokuwepo. Kesi nyingi huharibikia hapa: barua ya kujieleza husema "ulitumia lugha isiyofaa tarehe fulani" bila kunukuu neno hata moja. Mshtakiwa atajibu nini? Kama ni ujumbe wa simu, usiridhike na picha ya skrini iliyokatwa juu na chini. Hifadhi mazungumzo yote, kabla na baada, pamoja na simu yalikotoka, kwa kuwa kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulivyotolewa na kifaa kilichotumika. Asiye na cheti hujikuta na karatasi tu mkononi.

Kisha kuna kikao cha kumsikiliza mtuhumiwa, kinachotakiwa na kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira. Mfanyakazi aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, na awe na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua mwenyewe. Sharti hili linabaki hata kwenye kosa kubwa la kifungu cha 44. Waajiri wengi hudhani "papo hapo" maana yake ni bila kusikilizwa. Mwenyekiti wa kikao asiwe yule aliyetukanwa, jambo ambalo ungedhani halina haja ya kusemwa. Wala wajumbe wasiwe wote wa kabila moja na mlalamishi au mshtakiwa, kwani uamuzi hata ukiwa wa haki hautaaminiwa na yeyote.

Adhabu nayo ilingane na kosa. Dhihaka ya mara ya kwanza kutoka kwa mfanyakazi wa kawaida kwa mwenzake wa ngazi yake inaweza kuishia kwa onyo la maandishi. Maneno yale yale kutoka kwa anayepanga zamu na kupendekeza nyongeza za mshahara ni mazito zaidi, na hapo kumwondolea mamlaka ya kusimamia watu mara nyingi hufaa kuliko kumfuta. Kitu kisichofaa kabisa ni kumlazimisha mtu aombe radhi kwenye kikundi cha WhatsApp cha kampuni nzima. Hilo humwaibisha mkosaji, humfichua mlalamishi, na kikundi hugawanyika kwa makabila kabla ya jua kuzama.

Aliyeachishwa kazi bila utaratibu huo anaweza kulipwa hadi mshahara wa miezi 12 chini ya kifungu cha 49, naye ana miaka 3 ya kufungua kesi. Kumfuta kwa sababu alilalamika dhidi ya mwajiri hakukubaliki chini ya kifungu cha 46, ila lalamiko likithibitika kuwa la ovyo na lisilo na msingi.

Wabunge wanaopenda kupendekeza sheria mpya za kudhibiti maneno mitandaoni wangeanza na marekebisho madogo kuliko hayo: kipengele (d) cha kifungu cha 44(4) kiongezewe "au kwa mfanyakazi mwingine yeyote". Wakati tunawangoja, hakuna kinachomzuia mwajiri kuyaandika maneno hayo kwenye kanuni zake wiki hii, mradi awashirikishe wafanyakazi na kila mmoja apewe nakala.

Mshauri wa mahusiano ya kazi,
Nakuru