Risala ya Kikundi cha Wasindikaji wa Sukari Guru, Pangani, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa wilaya na kata, wazee wetu, wanachama na wageni waalikwa,

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kuitika wito wetu licha ya majukumu mengi. Karibu sana Pangani.

Mheshimiwa, miwa si ngeni hapa. Karne ya 19 mashamba yake yalitanda kando ya Mto Pangani, yakilimwa kwa jasho la watumwa. Abushiri bin Salim, aliyewapinga Wajerumani hadi wakamnyonga hapahapa Desemba 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Sisi tulianza na masufuria ya kuazimana. Leo tuna kinu cha injini ya dizeli kilichonunuliwa kwa hisa zetu, na sukari guru yetu imevuka mipaka: imefika Tanga mjini, Korogwe na hata Mombasa, ikibebwa na ndugu wa wanachama.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio hayo yamekwama kwenye jambo moja. Hatuna jengo la kusindikia. Tunachemsha juisi ya miwa chini ya banda la makuti, kwenye vumbi na nzi. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na mkaguzi akija anataka sakafu ya saruji, madirisha yenye wavu, maji safi na choo. Hatumlaumu, ana haki. Lakini bila jengo hakuna nembo ya ubora ya TBS, na bila nembo mwenye duka hapokei mzigo. Wanaopokea bila kuuliza ni walanguzi. Wanatupangia bei wao, na sehemu ya mzigo huo huishia kwa wapika gongo. Jambo hilo linatuuma sana sisi akina mama.

Mwanzoni mwa 2024 mvua zilizuia viwanda kuvuna, kilo ya sukari ikapita shilingi 4,000. Wenye maduka walitutafuta, tukashindwa kuwauzia. Mwaka huohuo sheria ikarekebishwa ili Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula nao uagize na kuhifadhi sukari. Tunaelewa nia, mlaji asiumie. Afrika Mashariki nayo imeweka ushuru wa asilimia 100 kwa sukari ya nje, ukiacha ile inayopewa nafuu kuziba upungufu, ili kumlinda mzalishaji wa ndani. Na sisi ni wazalishaji wa ndani, Mheshimiwa, ila kinga hiyo haimfikii asiyeweza kuingiza hata katoni moja dukani.

Ombi hili si jipya. Limesomwa mbele ya wageni waliokutangulia, tukaahidiwa mabati na saruji, tukapiga vigelegele. Kwa imani hiyo tulichimba msingi na kusomba mawe. Msingi ule sasa umeota majani. Kwa heshima zote, safari hii tunaomba ahadi iandikwe, iwe na tarehe na ofisi itakayoifuatilia.

Tunaomba saruji, nondo, mabati na fundi wa kutusimamia. Mawe, mchanga na nguvu kazi ni vya kwetu. Jengo likisimama, barua ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ya kututambulisha TBS tutaifuata wenyewe. Na ikikupendeza, Mheshimiwa, tukuonyeshe msingi huo kabla ya chakula.

Tunaomba kuwasilisha.